Kura ya Kisima cha Sabla

Mama mkwe wangu alipenda kupiga kura kama wanawake wengine wanavyopenda harusi. Siku wanawake wa Unguja waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza, alifika kituoni kabla karani hajafungua mlango, kajifukiza udi, na ndani ya buibui kavaa nguo mpya ambayo hapana mtu ambaye angeiona. Habari za foleni ile alitusimulia mpaka tukazijua kwa moyo: nani alitangulia, nani alizimia kwa jua, na karani gani alimwambia, "Bibi, ikunje vizuri asiione mtu." Maneno hayo aliyahifadhi miaka yote. Alikuwa mwanamke wa hamsini na kitu, ameolewa, amezaa, amezika, na kabla ya siku hiyo hapana aliyewahi kumwambia kuwa analo jambo lake ambalo wengine hawana haki ya kulitazama.

Mimi nilizichukia kura, na sikuficha. Baba yangu na ami yangu walikula sahani moja mpaka siasa ilipoingia nyumbani. Kila mmoja akashika chama chake, wakaacha kusalimiana, na baadaye wakaacha hata kujuliana hali katika ugonjwa. Zama zile Unguja watu walisusiana maduka, walisusiana misiba. Baba alifariki miezi michache kabla ya Mapinduzi, na ami, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili tu, hakuja kuzika. Nilimngojea dirishani mpaka watu wakatawanyika. Siku hiyo nikala yamini kuwa sitapiga kura tena maishani, hata ya kuchagua mchuzi wa mchana.

Basi tulipohamia Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi, mume wangu na mama yake, nilishukuru kuona nchi haina uchaguzi wa namna yoyote. Wakubwa waliamua, watu wakaitikia, na jioni kila mtu alikula na ndugu yake. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi, na nilikuwa nimechoka.

Tulikaa Darsait, katika nyumba ya mawe na udongo tuliyoachiwa na jamaa wa mume wangu. Mume wangu alipata kazi kwa mfanyabiashara mmoja Mutrah, akiondoka asubuhi na kurudi magharibi. Nyumba za mtaa wetu zilijibana bondeni baina ya majabali, na maji yalikuwa nyuma ya jabali. Njia ya kisimani ilikuwa mawe matupu: unapanda na mtungi mtupu, unashuka upande wa pili, unachota, kisha unapanda tena mtungi umejaa kichwani na jua limeshakukamata. Punda hakuweza kupita. Mwanamme kubeba mtungi kichwani lilikuwa jambo lisilofikirika. Mume wangu alijaribu mara moja, akarudi na maji nusu, na mtaa mzima ukamcheka wiki nzima.

Na hapo hapo mtaani, hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu, kulikuwa na kisima kingine chenye maji tele. Lakini kilikuwa ndani ya ua wa sabla, yaani baraza la wanaume, wanapokunywa kahawa na kusuluhisha kesi zao. Maji yake yalikuwa ya kutawadhia, ya kahawa na ya mitende michache iliyokuwa uani. Mwanamke hakutia guu pale. Nilipouliza nani aliyekataza, hapana aliyejua. Ilikuwa hivyo tu.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika nilipokuwa nashuka na mtungi. Sisemi kuwa ni jabali. Wenzangu walipanda na kushuka na matumbo yao mpaka siku ya kuzaa. Mama mkwe ndiye aliyesema ni jabali. Niliposhika mimba ya pili, mwishoni mwa mwaka wa sitini na sita, hakunambia neno. Siku ya Ijumaa baada ya sala alivaa, akamchukua mwanawe, akaenda kwa mzee wa mtaa.

Mume wangu ndiye aliyenihadithia. Mama yake aliomba kitu kidogo: kuanzia sala ya alfajiri mpaka jua lifike ukutani, wanaume wauache ua wa sabla na wanawake wachote maji. Mzee, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, kisima si changu peke yangu. Wanawake wa mtaa wakitaka wenyewe, mimi nani hata niwakatalie?"

Ilikuwa njia ya kiungwana ya kusema hapana. Mtu yeyote wa Darsait angeelewa, angeshukuru na kwenda zake. Mama mkwe aliyachukua maneno kama yalivyotamkwa.

"Wakitaka wangapi, Sheikh?"

Mzee akashangaa. "Wengi wao."

"Wengi kuliko wasiotaka?"

"Naam."

"Hata wakizidi kwa mmoja?"

Hapo mzee alicheka, maana hajapata kuulizwa hivyo na mtu, akasema ndiyo, hata wakizidi kwa mmoja.

Mama mkwe akarudi uso unang'aa. "Tunapiga kura," akatangaza, hata buibui hajavua.

Nilimtolea uvivu. Nikamwambia kuwa kura zilimla baba yangu, na kama watu wa Darsait wanataka kuanza kununiana, waanze bila ya mimi. Nilijua kuwa mke wa mtu hamjibu hivyo mama wa mumewe. Alinitazama kidogo tu. "Mwanangu, sikulazimishi. Lakini ntakuuliza tena, na tena. Usinichoke."

Akaanza kuzunguka. Mwanzo alikwenda kombo. Sisi wa Unguja tukishapigiwa karibu tunaimwaga haja yetu mlangoni pale pale. Kule Oman mtu anaulizwa habari, anajibu hakuna habari, anakula tende, anakunywa kahawa, na akishatikisa kikombe kuonyesha kuwa kimemtosha, ndipo anapoweza kuwa na haja. Nyumba tatu za kwanza walimsikiliza midomo wazi, wakadhani pana mtu amekufa. Nyumba ya nne alishaelewa. Akawa anarudi nyumbani kanywa vikombe ishirini vya kahawa, usingizi hauji, anaongea peke yake chumbani.

Alizifuata nyumba zote, hata ya yule jirani ambaye mbuzi wake alikula kanga zetu mbili kwenye kamba, na walikuwa hawasemezani kwa mwaka. Kila aliyeahidi kuja alimfungia fundo kwenye ncha ya mtandio wake. Mimi nilimdhihaki, nikamwambia atamaliza mtandio kabla hajamaliza mtaa. Akacheka, akafunga fundo jingine.

Kilichonishangaza ni hiki. Sijamsikia hata mara moja akimwambia asiyekubaliana naye akae nyumbani. Bibi mmoja alimwambia kuwa maji ya kisima cha mbali ni matamu zaidi na yeye hataki mabadiliko. "Kweli, ni matamu," akamjibu kwa Kiarabu chake kilichochanganyika na Kiswahili. "Basi njoo ukatae. Lakini njoo." Mwengine akamtupia kuwa Wazinjibari wamekuja juzi na leo wanataka kuwapangia wenyeji maji. "Ndiyo, tumekuja juzi," akasema. "Ndiyo maana nakuulizeni nyinyi." Nilikuwapo siku hiyo, nimekwenda kumpelekea viatu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea fahari, ijapokuwa nilijitia hamnazo.

Rafiki yake mkubwa, jirani yetu ambaye naye alitoka Unguja, alikuwa kama mimi. "Shoga, una wazimu?" alimwambia. "Kule nako tulianza hivi hivi, kuambiwa njooni tu."

"Kule tulikuwa tunakwenda kuwashinda wenzetu," mama mkwe akasema. "Hapa nnataka kujua wanataka nini."

Kila Ijumaa aliniuliza. Kila Ijumaa nilikataa. Lakini katika hesabu yake alinitia, bila ya ruhusa yangu. Wanawake thelathini na watatu, akampelekea mzee idadi, na mzee akakubali.

Wengi wao hawakujua kuandika, kwa hivyo alibuni njia. Kila mwanamke atapewa mlangoni kokwa moja ya tende na kijiwe kimoja cheupe. Nyuma ya pazia kuna chungu. Anayetaka kisima cha sabla kifunguliwe atie kokwa, asiyetaka atie kijiwe, na kilichobaki aondoke nacho mkononi. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Pazia alilishona mwenyewe.

Walikuja nyumbani kwetu baada ya sala ya alasiri, na kwa kuwa sikuwa napiga kura, nilipewa kazi ya kukirimu. Nikafanya kama ifanywavyo katika kila nyumba ya Oman mgeni akiingia: nikaleta sinia la tende na birika la kahawa. Hapana aliyefikiri, si mimi, si mama mkwe, si yeyote katika wale thelathini na kitu. Walikula, wakanywa, wakapiga soga, na kila mmoja alipoitwa nyuma ya pazia aliingia na kokwa zote za tende alizokula kiganjani. Akakuta chungu kimejaa kokwa, akashukuru kuona pa kuzitia.

Tulipofungua tulihesabu vijiwe kumi na kimoja na kokwa hamsini na nane.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Rafiki wa mama mkwe alicheka mpaka machozi, kisha akajifuta na kusema jambo la akili. "Shoga, umeshinda hata hivyo. Waliokataa ni kumi na mmoja. Toa kumi na mmoja kwenye watu wako. Waliobaki wanatosha na kuzidi. Mwambie mzee wamekubali, yaishe."

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amekaa chini, chungu baina ya miguu yake. "Na aliyetaka kukataa, akatia kokwa zake tu, kijiwe akakisahau mkononi? Na aliyekuja kwa ajili ya kahawa? Utamjua vipi?"

"Nani atauliza?"

"Mie ntauliza."

"Mama," nikasema, na hapo sikuwa nacheka tena, "mzee hajui kitu. Kesho asubuhi utakuwa unachota hatua hamsini kutoka hapa." Nilisema hivyo kwa sababu mgongo ulikuwa umeshaanza kuniuma, na nilikuwa nakiogopa kile kilima kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote.

"Mwanangu, wewe khasa unajua. Ami yako alisema kura zimeibiwa, na baba yako akasema ni uwongo, na hapana aliyeweza kumwonyesha mwenziwe. Sitaki neno hilo litamkwe juu ya maji."

Asubuhi yake alikwenda kwa mzee, akamwambia mwenyewe kuwa kura imeharibika, na imeharibika nyumbani kwake, kwa tende zake. Mzee alimwambia, "Bibi, ungeweza kuninyamazia." Mume wangu alisema kuwa mzee hakucheka mara hii. Akawapa wanawake ua wa sabla wenyewe, asubuhi moja, wanaume wote watoke, na yeye atasimama nje ya lango akiwa ameupa mgongo, asikilize hesabu.

"Tutumie kitu kisicholiwa," alisema mama mkwe. Kila mwanamke aje na mtungi wake mmoja. Anayetaka auweke kisimani, asiyetaka auache langoni. Jambo moja lilimuuma: kila mtu atamwona mwenziwe. Hakulala vizuri kwa sababu hiyo, na akapita tena nyumba zote kuwaeleza, ili asije mtu akahisi ametegwa. Mafundo yote ya mtandio aliyafungua, akaanza upya.

Ijumaa iliyofuata hakuniuliza. Nadhani alikuwa amechoka, au alinionea huruma. Nilingoja aniulize, nikajikuta nimekasirika kwa kuwa hakuniuliza. Usiku nilimfikiria baba, jinsi ambavyo hakupata kuwa na mtu wa upande wake wa kusema "tumekosea, tuhesabu upya." Siku ya kura nikajitwisha mtungi wangu, nikamfuata mama mkwe nyuma bila ya kusema kitu. Aligeuka akaniona. Akanipangusa vumbi begani, ambalo halikuwapo, tukaenda.

Ua wa sabla ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Miaka miwili nimepita nje ya ukuta ule, na ndani hamna kitu ila mikeka, mitende minne, na kisima. Wanawake waliingia wakitazama juu na chini kama waliokuja kukagua nyumba ya bwana harusi. Mmoja mmoja akaenda kuweka. Niliweka wangu kisimani. Rafiki wa mama mkwe, aliyeapa kuwa hatakuja, alikuja na mtungi mkubwa kuliko yote, akauweka kisimani kwa kishindo.

Ilipobaki zamu ya mama mkwe, aliyejiweka mwisho, tulihesabu kwa sauti ili mzee asikie. Kisimani kumi na sita. Langoni kumi na sita.

Sisi wa kisimani tukatabasamu. Mambo yameisha. Mtungi uliobaki ulikuwa mkononi mwake, na kila mtu alijua utakwenda wapi.

Hakuuweka. Alimgeukia mwanamke aliyesimama penye ukuta, peke yake. Tulimjua sote. Alikuwa akichotea nyumba kubwa ya mtaa, mara saba kwa siku, na mara kumi wakiwa na wageni. Mama yake aliletwa katika nyumba ile kwa kununuliwa. Yeye alizaliwa mumo humo, na zama zile hapakuwa na aliyekwenda kumwambia kuwa yeye ni mtu huru. Asubuhi hiyo alibeba mitungi miwili ya mabibi zake, mama na binti, wakaja nyuma yake mikono mitupu, wakamwonyesha pa kuiweka. Wote wawili walitaka kisimani, akaiweka kisimani.

"Na wako?" mama mkwe akamuuliza.

"Sina mtungi," akasema.

Bibi wa nyumba kubwa akaingilia. "Huyu hayumo. Tumeafikiana thelathini na watatu."

"Hayumo kwa kosa langu," mama mkwe akajibu, na akapaza sauti kuelekea langoni. "Sheikh, nlikupa hesabu mbovu. Nlimsahau mmoja, naye ndiye anayechota kuliko sote."

Kisha sauti ya mzee ikaja kutoka nje. "Bibi, tumekwisha kuibatilisha kura mara moja. Thelathini na watatu ulinipa mwenyewe. Siongezi."

"Usiongeze," akasema. Akauchukua mtungi wake, akavuka ua, akautia mikononi mwa yule mwanamke. "Huu wako. Uweke unapotaka."

Sikuogopa hata kidogo. Nani angetaka kisima cha karibu kama si yeye? Nilikuwa nishaanza kufikiri jinsi ya kuwapongeza wenzangu. Yule mwanamke alisimama na mtungi kifuani. Akawatazama mabibi zake, akamtazama mama mkwe. Kisha akatembea, polepole, akipita mbele yetu sote, mpaka langoni. Akauweka chini pamoja na ile ya waliokataa.

Bibi yake alitoa sauti ya kukemea. Mama mkwe akamtangulia. "Kisimani kumi na sita," akasema, sauti yake haikutikisika. "Langoni kumi na saba. Sheikh, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi imehesabiwa."

Nilimpa mgongo njia nzima mpaka nyumbani. Ndani nikamwaga yote. Nikamwambia amechezea tumbo langu, amechukua kitu kilichokuwa mkononi mwake akampa mtu aliyekitupa, na kwamba yale maneno ya karani wa Unguja aliyahifadhi bure. Nililia kwa hasira. Alikaa akanisikiliza kama alivyomsikiliza yule bibi wa maji matamu. Nilipomaliza alisema, "Toka leo hupandi tena. Ntachota mie."

Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Alfajiri nilipoamka hakuwapo, wala mtungi hakuwapo. Alikuwa na goti la kushoto lililomsumbua tangu safarini, na akishuka jabali ilimbidi ateremke upande upande, hatua hatua, mkono mmoja kwenye mawe. Alikwenda mara mbili kila asubuhi, miezi sita. Mume wangu alimkataza, na mama mkwe akamwambia akamkataze mamake mwengine. Watu wa mtaa walipomcheka kuwa amepigania kisima kisha amerudi jabalini, alicheka nao, akawaambia kuwa walimshinda kwa haki, mtungi mmoja. Waliompinga walikuwa wa kwanza kumkaribisha kahawa. Yule wa mbuzi alimletea mafuta ya kuchua goti. Katika nyumba zile thelathini na kitu hapakuwa na hata mbili zilizoacha kusemezana, na mimi, niliyekuwa nangojea ugomvi kwa hamu, sikuupata.

Mara nyingi nilimwona kutoka darini akirudi. Yule mwanamke wa nyumba kubwa alikuwa pamoja naye, anatangulia hatua mbili, anasimama, anamngojea goti lipoe. Wakati mwengine walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa sijamsamehe mwanamke yule. Nilimwona ni mjinga aliyepewa kitu asijue thamani yake, na nilikuwa namchukia kila nikiuona ule mwendo wa upande upande wa mama mkwe.

Mwanangu alizaliwa mzima, msichana, alfajiri moja ya joto kali. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Alimwosha kwa maji aliyoyabeba jana yake, akamfunga, akanipa. Nilikuwa nimechoka, na nadhani ndiyo maana niliweza kuuliza.

"Mama, ulijua yule atauweka wapi?"

"Nlijua," akasema, anakusanya vitambaa. "Nlimkuta njiani jioni ya kuamkia kura ya mitungi, nkamuuliza. Hapo ndipo nlipotambua kuwa sikumhesabu. Akanambia atakataa. Amesema kule juu ya jabali ndiko pekee ambako hapana mtu anayemwita. Kisima kikija mlangoni, ataitwa kutwa."

"Ulijua, na ukampa."

"Ningempa kwa sharti aseme nitakalo mie? Hiyo ingekuwa kura yangu tena."

Alimtazama mjukuu wake, akanifunika miguu, akautwaa mtungi. Kulikuwa kunapambazuka, na yule mwenziwe alishafika mlangoni, akimngojea bila ya kubisha. Nikawasikia wakisalimiana. Kisha wakaondoka, mama mkwe akiuvuta ule mguu wa kushoto, kwenda kupanda jabali ambalo angeweza kuachana nalo kwa mtungi mmoja.